Mchoro wa Kabla ya Birika Kuchemka

Hii nimetumiwa na dada mmoja wa kikundi chetu cha ushonaji, naye alitumiwa na mtu ambaye hamkumbuki. Mimi hadithi ndefu za kwenye simu huwa nazipita bila kuzifungua, na wanaonitumia wanajua. Hii niliifungua kwa bahati mbaya, nikaisoma nimesimama, na maharage yangu yakaungua. Basi na wewe isome, ila zima jiko kwanza.

Palikuwa na mji mmoja wa pwani ambao mabibi harusi wake walisifika kwa hina. Katika mji huo, mwanamke hakuhesabiwa ameolewa mpaka siku ya tatu ya arusi, alipotolewa mbele ya wanawake wote, akainua mikono yake miwili juu. Wanawake waliitazama kimya kwanza, kisha ndipo walipopiga vigelegele. Siku hiyo iliitwa siku ya mikono. Mikono ikipendeza, sifa ziligawanywa kati ya bibi harusi na mchoraji. Isipopendeza, lawama zilimwendea mchoraji peke yake, na watu walizikumbuka mpaka wajukuu.

Mchoraji wetu aliitwa Mwanahawa. Marehemu mama yake alimwachia kijiti cha chelewa cha kuchorea, bakuli la kukorogea hina, na maua matatu ya kuchora: korosho, asumini na kikuba. Kwa miaka kumi na minane Mwanahawa alichora hayo hayo matatu. Leo korosho kiganjani na asumini vidoleni, kesho asumini kiganjani na korosho vidoleni. Wateja waliridhika na yeye aliishi vizuri. Lakini moyoni alijua, na alijua kwa aibu, kwamba hajawahi kubuni hata jani moja la kwake.

Aibu hiyo aliibeba kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Mpaka mfalme alipoanza kumwoza binti yake.

Binti mfalme aliitwa Zeyana. Posa ilipokaribia kutimia, mpiga mbiu alipita mitaani akatangaza sharti la ikulu: mkono wa Zeyana usifanane na mkono wa mwanamke yeyote aliyewahi kuolewa katika mji ule. Mchoraji atakayeitwa na kushindwa atakiacha kijiti chake ikulu, na hatamchora bibi harusi mwingine maisha yake yote.

Mji mzima ukasema mfalme amezidi kiburi. Walisema kwa sauti ya chini, maana kuitwa na mfalme si jambo la kukataa, na kila mwenye kijiti nyumbani alijua anaweza kuitwa.

Akaitwa wa kwanza, fundi wa mtaa wa juu. Akatoka ikulu amejitanda ukaya wa kichwani mpaka puani, mikono mitupu. Wakangoja mwezi mzima mpaka rangi ya hina yake ilipofutika mikononi mwa binti, akaitwa wa pili. Naye hivyo hivyo. Mwezi wa tatu akaitwa Mwanajuma, shoga yake Mwanahawa, ambaye kila mtu alimhesabu kuwa ndiye hodari kuliko wote. Mwanajuma akatoka bila kijiti.

Mwanahawa alimkuta sokoni baada ya wiki tatu, anachagua bamia moja moja kama mtu asiye na pa kwenda. Akamuuliza kulikoni huko ndani. Mwanajuma alitazama pembeni.

"Usinihoji, mwenzangu. Nimekula yamini," alisema. "Ila ninavyokuombea, usiitwe."

Siku iliyofuata, Mwanahawa akaitwa.

Mjumbe wa ikulu alisema kwamba tarehe ya arusi imekwisha pangwa, wageni wa mbali wako safarini, na hapatakuwa na mchoraji wa tano. Alimpa siku tisa.

Sasa nikwambie hali yake. Mwanahawa alimsindikiza mjumbe hadi mlangoni kwa maneno mazuri, akarudi ndani, akaketi juu ya kinu. Aliyafikiria maua yake matatu, akayahesabu kama vile huenda yangekuwa manne. Kisha akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku ile na siku ya pili hakula kitu cha maana. Alichukua kijiti akaketi mbele ya kitambaa cheupe kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akingoja mchoro mpya umjie. Kila alipoanza, mkono ulikwenda wenyewe kwenye korosho. Akizuia korosho, inakuja asumini. Alikitupa kile kitambaa na kuchukua kingine, kama kwamba kosa lilikuwa la kitambaa. Alipofunga macho aliona mlango wa ikulu, na yeye anatoka amejitanda ukaya mpaka puani.

Nyumba ile aliishi na mama mkwe wake, Bi Mize. Mume wa Mwanahawa alikuwa baharia, hajarudi mwaka wa pili ule, kwa hiyo walikuwa wao wawili na kuku wao. Bi Mize ujanani alikuwa fundi wa kushona kofia, zile za kutoboa vitundu na kuzungushia uzi. Macho yalipofifia aliacha, akabaki na kazi ya kupika mkate wa asubuhi, na kazi ya pili ya kutazama mambo ya watu huku akijifanya haoni.

Asubuhi ya siku ya tatu, Bi Mize alibandika birika juu ya seredani ya makaa, akamwaga unga wa mchele kwenye sinia, akausawazisha kwa kiganja. Halafu alichovya kidole katikati ya unga, pasipo kutazama, akaburuta kidogo na kukitoa. Pakabaki alama mbaya, isiyofanana na chochote.

"Njoo, mkwe wangu. Anzia hapo," akasema.

Mwanahawa alisema, kwa ukali kidogo, kwamba hana muda wa michezo, kwamba zimebaki siku saba. Bi Mize hakubishana naye. Alimwambia masharti ni matatu. La kwanza, ile alama haifutwi. La pili, hapana korosho, hapana asumini, hapana kikuba. La tatu, birika likichemka, mkono juu, umemaliza hujamaliza.

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Unga ni wa mkate, hautajali."

Mwanahawa alikubali ili aachwe. Akachukua kijiti akatazama ile alama ya kidole na hakuona kitu. Birika likaanza kunguruma kwa mbali. Akachora mstari, mwingine, akaizungushia ile alama vimistari vifupi vifupi vya ovyo, na mara kifuniko cha birika kikaanza kucheza. Mkono juu. Kilichokuwa pale kwenye unga kilifanana na konokono aliyekanyagwa. Bi Mize aliinamia karibu sana, akaguna, akalitikisa sinia. Mchoro ukapotea. Akatia maji na tui, na baada ya muda wakaula.

Wakati wanakula, Bi Mize alimweleza kwamba mchezo ule si wake. Bibi aliyemfundisha kofia alikuwa na desturi: kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, alitoboa tundu mahali popote kwenye kipande cha kitambaa kibovu, akampa mwanafunzi. Kitambaa kikishatobolewa hakizibiki. Ilikuwa juu ya mwanafunzi kulifanya tundu lile lionekane limekusudiwa. Kwa miaka minne walishona vipande ambavyo havikuwa kofia ya mtu yeyote, na jioni vilitumika kushikia masufuria.

Siku ya nne, Bi Mize aliangusha punje tatu za mbaazi kwenye unga na kusema zianziwe. Siku ya tano alidondosha bangili iliyovunjika. Mwanahawa alichora huku akilaumu. Alisema moyoni kwamba mwanamke huyu anampotezea siku, kwamba yeye anakwenda kuangamia na mwenzake anacheza na unga. Lakini kitu kimoja alikiona, hata kama hakukisema: katika muda ule mfupi kabla ya birika kuchemka, hofu ya ikulu ilikuwa haimo kichwani. Hapakuwa na nafasi yake. Ilirudi mkate ulipokuwa mezani, na ilirudi na njaa.

Siku ya sita kuku wao mwekundu alipita juu ya sinia kabla ya mtu yeyote kumwahi. Bi Mize akacheka akasema haya, leo mwalimu ni kuku.

Mwanahawa alitazama zile nyayo nne za kuku, na safari hii mkono haukungoja. Aliziunganisha kwa mstari mmoja mwembamba uliozunguka, ukapita chini yake wenyewe, ukarudi, ukafungana katikati kwenye fundo moja zuri. Birika lilipochemka alikuwa amekwisha maliza. Alikaa anatazama. Hakuna mkono katika mji ule uliokuwa na kitu kama kile, na kimetoka kwake.

Bi Mize aliponyoosha mkono kulitikisa sinia, Mwanahawa alilinyakua.

"Hili silifuti, mama. Hili ndilo."

Bi Mize alimtazama kwa yale macho yake ya ukungu. Alisema unga ni wa mkate, lazima uliwe. Mwanahawa alisema sharti la mfalme ni kubwa kuliko mkate. Akalibeba sinia mpaka chumbani kwake, akalisukuma chini ya kitanda. Siku ile wakala viazi.

Kwa siku mbili zilizofuata hakufanya mchezo tena. Alikuwa na mchoro wake, ya nini kucheza. Aliunakili kwenye kitambaa mara ishirini, mara thelathini, mpaka akaweza kuuchora amefumba macho. Aliugawa vizuri: mstari uanzie kidole cha kati, uteremke nyuma ya kiganja, na lile fundo, ambalo ndilo moyo wa kazi yote, likae karibu na kifundo cha mkono. Usingizi ulirudi kidogo. Bi Mize aliendelea kubandika birika kila asubuhi na kusawazisha unga kwenye sinia jingine peke yake, na hakumwita.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, Mwanahawa aliingia ikulu na bakuli lake.

Alipokewa na Bi Raya, mlezi aliyemlea binti mfalme tangu akinyonya. Bi Raya alimlisha yamini kwamba atakachokiona ndani hatakisema. Mwanahawa akaapa. Akapelekwa chumba chenye mapazia mazito. Zeyana alikuwa ameketi kwenye zulia, uso mtulivu, mkono wa kulia magotini. Wa kushoto ulikuwa ndani ya shali.

Mwanahawa alipiga magoti akaomba mkono wa kulia. Zeyana hakumpa. Aliifungua shali polepole, akautoa ule wa kushoto.

"Anza na huu," alisema. "Ukiushindwa huu, wa kulia hauna haja."

Nyuma ya kiganja, kuanzia kwenye mzizi wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, palikuwa na kovu la moto. Lilikuwa pana, jeupe, linang'aa, lenye kingo zilizokatika katika. Bi Raya alieleza kwa maneno machache kwamba binti alipokuwa na miaka minne aliangukia chetezo cha udi kilichokuwa kimejaa makaa. Tangu siku hiyo hapana mtu wa nje aliyeuona mkono ule, isipokuwa wachoraji watatu.

Mwanahawa aliwaelewa wenzake wote watatu kwa mara moja. Walichora maua juu ya kovu walifunike. Yalipendeza hina ilipokuwa mbichi. Lakini ngozi iliyoungua haishiki hina, kila mchoraji anajua, na ilipooshwa, maua yote yalikuwa yamekatika katikati. Badala ya kulificha kovu, walikuwa wamelionyesha.

Halafu akaelewa la kwake. Lile fundo, moyo wa mchoro wake, mahali pake palikuwa juu ya kovu hasa.

Alijaribu kulihamisha kichwani. Alilipandisha vidoleni, mstari ukakosa pa kupita. Akaligeuza upande, likawa kitu kingine kisicho na maana. Siku mbili za kunakili zikamwagika pale pale. Tone la hina likatoka kwenye kijiti, likamwangukia gotini. Bi Raya aliliona. Zeyana pia aliliona, akaanza kuivuta shali.

Mwanahawa alitamani awe nyumbani kwenye sakafu ya jiko, na sinia la unga mbele yake, na mama mkwe anaguna. Alitamani hata yule kuku.

Ndipo aliposema neno lililomshangaza hata mwenyewe.

"Naomba mtu abandike birika."

Bi Raya alimwambia, kwa adabu ya watu wa ikulu ambayo ni kali kuliko matusi, kwamba chai huletwa kazi ikiisha.

"Si la kunywa, bibi. Nataka kulisikia."

Bi Raya alimtazama binti. Zeyana, ambaye nadhani tangu azaliwe hajaombwa kitu cha ajabu namna ile, alitikisa kichwa kukubali. Seredani ikaletwa karibu na mlango, birika likabandikwa.

Mwanahawa alivuta pumzi. Akajisomea masharti kimoyomoyo. Alama haifutwi. Hapana korosho, hapana asumini, hapana kikuba. Akaongeza na la nne, ambalo lilimuuma: wala lile fundo. Likichemka, mkono juu. Kisha akalitazama kovu kama alivyolitazama shimo la kidole cha Bi Mize kwenye unga, bila kulihurumia na bila kuliogopa. Ilikuwa ni alama tu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Aliweka kijiti kwenye ukingo wake. Hakuingia ndani hata kidogo. Pale ukingo ulipokatika alichora vimistari vifupi, vya karibu karibu, vikilizunguka kovu lote kama uzi unavyolizunguka tundu la kofia. Kila kona ya kovu ikatoa mstari wake, na kila mstari ukaenda zake, mmoja kidole gumba, mwingine kidole cha mwisho, mwingine ukateremka kwenye mkono. Birika lilinguruma. Kifuniko kilipocheza aliinua mkono.

Kazi haikuwa imekwisha. Lakini pa kuanzia palikuwa pamepatikana, na vingine vyote vilijua pa kwenda. Akaomba birika la pili. Kazi ilimalizika kwenye birika la nne, na mkono wa kulia akauchora mistari ile ile ikizunguka pahali palipoachwa tupu, ili mikono miwili iwe ndugu.

Sasa ikabaki kungoja hina ikauke, na huko kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote. Mchoraji hawezi kufanya kitu. Bibi harusi amenyoosha mikono kwenye mito, hawezi hata kujikuna pua. Mwanahawa alikaa anatazama hina ikigeuka kutoka kijani kuwa nyeusi, anajiuliza kama ameona sawa au ameharibu, na kama atakumbuka kukiweka kijiti mezani kwa adabu wakati wa kutoka.

Zeyana ndiye aliyeanza kuongea. Alimuuliza kama anajua sharti lile lilitoka kwa nani.

Mwanahawa alisema mji mzima unajua, ni la mfalme.

"Ni langu mimi," Zeyana alisema. "Baba alilitangaza tu kwa sababu nilimlilia. Nilitaka mchoro usiokuwapo, ili wote washindwe na nisiinue mikono mbele ya watu. Wewe ulikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimebakiza leo tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka sana. Siku tisa Mwanahawa alikuwa akidhani hakuna mtu katika mji ule mwenye hofu kama yake, kumbe aliyemtia hofu alikuwa anatetemeka miezi minne, ndani ya shali.

Bi Raya alileta maji ya uvuguvugu, akaosha. Hina ilikuwa imekolea vizuri, nyekundu ya kuiva. Juu ya kovu haikushika, na haikutakiwa kushika. Lile kovu lilikaa katikati, jeupe, tupu, na kazi yote ya mkono ikatoka kwake. Ukiutazama usingedhani kwamba kovu lilikuja kwanza. Ungedhani mchoraji ndiye aliyeliweka.

Zeyana aliutazama mkono wake muda mrefu, akaugeuza huku na huku. Kisha machozi yakamtoka, na akacheka humo humo.

"Umeniharibia," akamwambia Mwanahawa. "Sasa nitajificha kwa sababu gani?"

Mfalme aliitwa. Aliingia akasimama, akaushika mkono wa binti yake kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu kilichowahi kumuunguza yeye. Akauliza kwa nini kovu halikufunikwa. Mwanahawa alijibu, kwa sauti ndogo, kwamba asingeweza kulifunika, maana bila lile asingekuwa na pa kuanzia, na ndicho kitu pekee ambacho hakimo mkononi mwa mwanamke mwingine yeyote. Mfalme akamwambia aombe anachotaka.

Mwanahawa aliomba vijiti vitatu vilivyokuwa kwenye sanduku la ikulu. Alitoka mlango ule ule aliouota kwa siku tisa, ukaya mabegani, vijiti vinne mkononi, na akapitia kwa Mwanajuma kwanza.

Siku ya mikono wanawake walijaa. Bi Mize aliletwa akawekwa mbele. Zeyana alitoka, akasimama, na hakuinua mikono miwili kama ilivyo desturi. Aliinua wa kushoto peke yake kwanza.

Kimya cha siku ile kilikuwa kirefu. Waliokuwapo walisema baadaye kwamba waliogopa kupumua, kwa sababu waliliona lile kovu. Mwanahawa alikuwa ameshika nguo ya mama mkwe wake kwa ngumi.

"Sioni mbali," Bi Mize akanong'ona. "Umeanzia wapi?"

"Kwenye kovu la moto, mama."

Bi Mize alifikiri kidogo. Halafu yeye, ambaye hakuwa ameona kitu, alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele.

Kikapokewa na ukumbi mzima. Zeyana akauinua na wa kulia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini msimu uliofuata wanawake walifurika kwa Mwanahawa, kila mmoja akitaka mchoro wa binti mfalme. Mwanahawa aliwaambia mchoro ule hana. Wakadhani anaringa. Akawaambia walete mikono yao aone ina nini. Na hapo yakaanza kutoka yaliyokuwa yamefichwa: huyu ana alama za ndui, yule kidole kilichopinda tangu utotoni, mwingine baka jeusi alilozaliwa nalo na kulifunika kwa bangili miaka ishirini. Kila mmoja alipotoa mkono wake, Mwanahawa alimtazama mama mkwe wake, na Bi Mize akainuka bila kuambiwa kwenda kubandika birika.

Sinia la siku ya sita lilikutwa chini ya kitanda wakati wa kufagia kwa ajili ya sikukuu. Sisimizi walikuwa wamekula unga wote, na fundo lenyewe halikuonekana tena. Mwanahawa alilisuuza, akalirudisha jikoni kwenye kazi yake.

Funzo: Usikae kungoja wazo kubwa huku hofu inakula siku zako, jipe kila asubuhi kazi ndogo ya muda mfupi, uifanye na uiache ipotee, na siku ya jambo zito mkono wako utajua pa kuanzia, hata kama ni pale pale ulipotaka kupaficha.